Foleni ya Salamu

Kwenye jukwaa la Tumeamka, kusalimiana ilikuwa kazi. Watu wengine huingia mtandaoni kugombana kuhusu mpira, au kumwonyesha mjomba aliye mbali picha ya keki. Wanachama wa Tumeamka waliingia kila asubuhi kuandika neno moja, "Nimeamka," kabla hata ya kupiga mswaki. Wote walikuwa na kifafa, na wengi wao waliishi peke yao. Mtu wa namna hiyo anaweza kuanguka akiwa ndani, mlango umefungwa, na asijulikane mpaka siku ya kudaiwa kodi. Kwa hiyo walijiwekea kanuni: asiyeandika mpaka saa sita mchana anapigiwa simu, na asipopokea anapigiwa mwenye ufunguo wake. Mwenye ufunguo ni jirani wa karibu anayeweza kufungua mlango, na namba yake iliandikwa kwenye ukurasa wa kila mwanachama. Bila mwenye ufunguo hukubaliwi kujiunga, hata ulie machozi ya damu.

Mitambo ya jukwaa ilitunzwa na mwanamke ambaye wote walimwita Fundi. Yeye mwenyewe hakuwa na kifafa. Aliyekuwa nacho ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, mchora mabango aliyeitwa Brashi tangu utotoni hata na wazazi. Brashi aliishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, kwenye chumba cha ghorofani ambacho hakutaka kusikia habari ya kukihama. "Dada, mimi si yai," ndilo lililokuwa jibu lake kila dada alipomsihi aje wakae pamoja. Fundi alibembeleza, akanuna, akasusa, halafu akaona afanye analoliweza. Akatengeneza jukwaa. Wapo wanaojua kupenda kwa maneno matamu, lakini huyu dada hakujaliwa.

Siku moja kabla ya siku tunayoisimulia, jukwaa lilikwama. Kurasa zilifunguka nusu zikaganda, na hakuna "Nimeamka" hata moja iliyoonekana. Shangazi, nesi mstaafu aliyesimamia mahudhurio, alikusanya wasaidizi wake wakawapigia wanachama wote simu, mmoja baada ya mwingine, na wote wakapatikana. Brashi alipokea akiwa amenuna kwamba amekatizwa katikati ya herufi. Jioni Fundi aliiongezea seva nguvu, akaona mambo yameanza kusogea, japo kwa kujikokota, akaenda kulala akiwa na amani.

Asubuhi alifungua duka lake la kutengeneza kompyuta, akafuta vumbi kwenye kaunta, akaliita jukwaa. Kiduara kikazunguka. Akaondoa mbao za dirisha, akarudi, kiduara bado kinazunguka. Hatimaye ukurasa ulifunguka, na macho yake yakaenda pale yanapokwenda kila siku. Brashi: Nimeamka. Leo, asubuhi. Fundi akaandika chini yake, "Umeamkaje, mtoto wa mama," akabonyeza kitufe cha kutuma, na jukwaa likamjibu papo hapo: Imepokelewa. Roho yake ikatulia, akamgeukia mteja.

Mteja alikuwa jamaa mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na laptopu yake aliikumbatia kwa mikono miwili.

"Imeingiwa na maji kidogo," alisema.

Fundi aliiinamia akanusa kibodi. "Maji yenye maziwa na sukari, kaka?"

"Basi chai," jamaa akakiri, akaketi kwenye kigoda kusubiri hukumu.

Simu ya Shangazi iliingia Fundi akiwa ameshafungua skrubu zote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo jukwaa lako limeamka lakini bado linasinzia. Picha hazifunguki, kutafuta hakutafuti, na kurasa za wanachama ndiyo usiseme. Nimebonyeza ukurasa wa mtu mmoja, nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, kiduara bado kinazunguka."

"Mahudhurio je?"

"Hapo nakupongeza. Watu wote wameamka, tena mapema. Hata wale wavivu wangu wa kila siku, wanaongoja saa sita kasoro, leo walikuwepo kabla sijanywa chai." Shangazi akacheka. "Ila Mwalimu anazeeka vibaya. Ameandika kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa, na mimi nilimpigia jana, siku yake yenyewe, nikamwimbia wimbo wa kuzaliwa kabisa."

Fundi naye akacheka, akaahidi kushughulikia, akakata simu. Saa sita ilipita bila mtu kutafutwa, maana hapakuwa na wa kutafutwa. Alimaliza kuikausha laptopu ya yule jamaa, akaiacha wazi ipigwe na upepo wa feni, na ndipo alipoketi kulishughulikia jukwaa.

Alianza na picha, kwa sababu wanachama walipenda kuweka picha kubwa za maua na mawio. Picha hazikuwa na kosa. Akatazama kama diski imejaa, haikujaa. Akatazama kama kuna wahuni wanaolishambulia kutoka nje, hapakuwa na mtu wa nje. Kazi yote ya seva ilikuwa inaliwa na kitu kimoja, na kitu hicho ni yeye aliyekiweka.

Mwezi uliopita watu walilalamika kwamba kitufe cha kutuma kinachelewa. Fundi akatafuta njia ya mkato: ujumbe ukitumwa, jukwaa linasema Imepokelewa hapo hapo, halafu ujumbe wenyewe unapelekwa nyuma, kwenye foleni, usubiri zamu yake ya kuonekana. Kwa kawaida zamu ilifika kabla mtu hajapepesa macho. Watu walimshukuru sana, wakasema sasa jukwaa linakimbia. Halikuwa linakimbia hata kidogo. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na yeye alilijua hilo, ila sifa ni tamu.

Asichokikumbuka ni tabia za watu wake. Mtu wetu hawezi kuiona salamu akaipita. Mmoja akiandika "Nimeamka," wenzake wanamwitikia, naye anawaitikia walioitikia, na kila itikio linamtumia taarifa kila mtu aliyewahi kuandika pale. Walipokuwa wachache, haikuwa neno. Siku za karibuni mtangazaji mmoja wa redio alilitaja jukwaa, wakajiunga watu chungu nzima, wote wamelelewa vizuri, wote wenye adabu zao. Salamu zikazaliana mpaka foleni ikaziba.

Basi ndilo tatizo, Fundi akawaza, nalo halikuwa gumu. Akaifungua foleni aone ni nini kinachotoka sasa hivi. Kila ujumbe ulikuwa na saa yake ya kuingia, iliyofichwa nyuma, ambayo wanachama hawaioni. Ujumbe uliokuwa unatoka wakati ule ulikuwa umeingia jana mchana.

Akausoma tena. Jana mchana. Na jukwaani ulitokea mbele ya macho yake ukiwa umeandikwa Leo, sasa hivi.

Hapo ndipo Mwalimu alipomrudia akilini. Mwalimu hakuwa anazeeka vibaya. Mwalimu aliandika salamu yake jana, siku yake ya kuzaliwa, ikakwama kwenye foleni pamoja na salamu zote za jana, na usiku foleni ilipoanza kusogea, zikatoka moja moja zikiwa zimevishwa tarehe ya leo. Kwa sababu Fundi, katika ule ujanja wake, aliiandikia mitambo ihesabu saa ya ujumbe kutoka, si saa ya kuingia. Mstari mmoja tu. Aliuandika huku akinywa soda.

Aliitafuta "Nimeamka" ya Brashi, ile aliyoifurahia asubuhi. Imeingia: jana.

"Dada, inawaka?" jamaa wa chai aliuliza kutoka kwenye kigoda.

Fundi hakumsikia. Alikuwa anajiambia kwamba ya leo itakuwa humo ndani ya foleni, inasubiri zamu kama za wenzake. Aliandika jina la Brashi, akaiambia mashine itafute foleni nzima. Ikakaa kimya kwa muda uliomtosha kuuma kucha mbili. Halafu majibu yakaanza kushuka kwenye kioo, Brashi, Brashi, Brashi, mistari kwa mistari, na Fundi akavuta pumzi ndefu, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akaisoma. "Za kwako, Brashi." "Brashi, umeamka salama?" "Asubuhi njema, Brashi, na ule ubao wa duka la viatu umeuchora vizuri." Na katikati ya hizo, "Umeamkaje, mtoto wa mama." Zote zilikuwa salamu za kumwendea Brashi. Iliyotoka kwake haikuwamo.

Alimpigia Brashi simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Akaisukuma kando laptopu iliyokuwa inakauka.

"Kaka," alimwambia jamaa wa chai, "naomba uniwie radhi. Mdogo wangu hapokei simu, na anaishi peke yake, na ana kifafa."

Jamaa alisimama. Hakuuliza laptopu tena. "Nisomee namba yake," alisema. "Mimi nitakuwa napiga. Wewe fanya unalolifanya."

Fundi akampigia Shangazi.

"Shangazi, mahudhurio ya leo si ya leo. Ni ya jana. Wote uliowaona asubuhi ni salamu za jana zilizochelewa kutoka."

Nesi wa zamani haulizi swali mara mbili. "Nani hajaamka leo kweli?"

Fundi alilinganisha majina ya wanachama na salamu za leo zilizokuwa bado zimenasa kwenye foleni. Walikuwa watu saba ambao hawakuandika chochote. Akamsomea Shangazi majina hayo, la Brashi akalitaja mwisho.

"Nimesikia," alisema Shangazi kwa upole. "Wengine niachie mimi. Huyo mpigie mwenye ufunguo wake."

"Sina namba yake. Mwenye ufunguo wa zamani alihama. Sasa ufunguo uko kwa dobi wa pale chini, na Brashi aliniambia namba ameiweka kwenye ukurasa wake."

"Basi itazame."

"Haufunguki, Shangazi. Wewe unayo?"

"Ningeipata wapi? Namba zote tunazisoma kwenye hizo kurasa. Wewe ndiye uliyetuambia tuache makaratasi." Hakulisema kwa ukali, na afadhali angelisema kwa ukali. "Hata hawa wengine sita siwezi kuwapata wenye funguo wao. Zifungue hizo kurasa, mwanangu. Haraka."

Njia ilikuwa moja, kuifuta foleni. Foleni ikiuawa, seva inapumua na kurasa zinafunguka. Lakini foleni ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, haikuandikwa popote, na ikifutwa imefutwa pamoja na salamu zote za leo zilizomo, bila kurudi. Kama amekosea kusoma, kama kuna mahali "Nimeamka" ya Brashi imejificha kwa jina lililokosewa herufi, ataiua kwa mkono wake na hatajua kamwe. Alitafuta mara moja zaidi, kwa herufi tatu za mwanzo tu. Mashine ikamletea salamu zile zile za wenzake. Kwenye kona ya duka jamaa wa chai alikuwa anatikisa kichwa, simu sikioni, anapiga upya.

Fundi akaifuta foleni.

Seva ilizima. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao hakuthubutu kuupima, na akajua kwamba ikigoma kuwaka hana la kumwambia mtu yeyote tena duniani. Ikawaka. Akaita ukurasa wa mdogo wake, nao ukafunguka mara moja, mwepesi kabisa, kama kwamba haukuwahi kumsumbua mtu. Picha ya Brashi akiwa na rangi ya bluu puani. Mwenye ufunguo: Dobi, chini. Namba.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya dobi ilikuja pamoja na mvumo wa mashine ya kufulia.

"Mimi dada yake Brashi, wa juu. Nakuomba uende ukamfungulie sasa hivi. Nadhani ameanguka."

"Brashi?" Mvumo ukazimika. "Leo sijamwona hata. Nikasema labda ana kazi nyingi. Subiri, nachukua ufunguo."

Fundi alizisikia ndara za dobi zikipanda ngazi, pwata, pwata, na pumzi yake nzito. Alisikia mlio wa simu ukiita mahali fulani ndani, ukiita na kuita, akatambua kwamba ni jamaa wa chai, aliyekuwa hatua chache kutoka alipoketi. Alisikia ufunguo ukizunguka.

"Mlango unafunguka kidogo halafu unagoma," dobi alisema. "Kuna kitu kimeuzuia kwa nyuma."

"Usisukume." Fundi alikuwa amesimama bila kujua alisimama lini. "Ni yeye. Usisukume, muite."

"Brashi," dobi aliita. "Brashi, baba, unanisikia?"

Hakuna kilichojibu. Fundi alifumba macho. Alimwona mdogo wake akiwa na miaka sita, ameanguka kwa mara ya kwanza uani, na yeye akiwa amesimama na ndoo mkononi hajui la kufanya. Aliogopa vile vile sasa, hofu ile ile ya kitoto, na umri wake wote haukumsaidia kitu.

"Anagonga," dobi alisema. "Dada, anagonga sakafu. Yu hai."

Fundi aliketi chini, pale pale sakafuni nyuma ya kaunta, akalia kwa sauti mbele ya mteja.

Wale sita wengine Shangazi aliwapata wote kabla ya alasiri: wawili walikuwa safarini, mmoja amelala na homa, waliobaki walichoshwa tu na jukwaa linalozunguka wakaona basi. Fundi alipata habari hizo akiwa ndani ya basi. Duka alikuwa amemwachia jamaa wa chai alifunge, mtu ambaye hata jina lake hakumwuliza.

Alimkuta Brashi hospitali, kwenye wodi ndefu yenye madirisha makubwa. Alikuwa amekauka midomo lakini macho yake yalikuwa yake. Alianguka jioni ya siku ile jukwaa lilipokwama, alipokuwa anaenda kufunga mlango kwa komeo, na alipozinduka bega limetoka mahali pake, na mwili mzima umeulalia mkono wa kulia, na hakuweza kujigeuza wala kuifikia simu iliyokuwa kitandani, na aliita mpaka sauti ikamkauka bila mtu wa chini kumsikia. Bega lilirudishwa. Mkono ulikuwa jambo jingine. Daktari alimvuta Fundi kando akamwambia mishipa ya fahamu imelaliwa muda mrefu. Vidole huenda vikarudi, huenda visirudi, na kila saa iliyopita ilikuwa na hesabu yake.

Fundi alirudi akaketi kitandani. Mkono wa kulia wa Brashi, mkono wa kuchora, ulilala juu ya shuka na rangi nyekundu bado ikiwa imekauka kwenye kucha.

"Usiku sikuogopa," Brashi alisema. "Nilijua asubuhi sitaandika, na saa sita mtakuja. Nikawa nasubiri saa sita. Nikaisikia kwenye redio ya dobi, nikasema, sasa." Akalamba midomo. "Ikapita. Taarifa ya habari ikaisha, ukaja muziki. Nikasema labda nimesikia vibaya."

"Brashi."

"Sikulaumu, dada. Nataka kujua tu. Hamkuona kwamba sijaandika?"

Angeweza kumweleza foleni, na saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mtangazaji wa redio na wanachama wapya. Njia nzima ndani ya basi alikuwa ameyapanga maneno hayo, na yote yalikuwa ya kweli.

"Tuliona umeandika," alisema. "Watu wengi walikusalimia. Na mimi nilikusalimia, nikaenda kufanya kazi."

Brashi alimtazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

"Sasa mlikuwa mnaongea na nani?"

Fundi aliushika ule mkono wenye rangi, akaubana kwa nguvu zake zote, akasubiri naye abanwe. Kisha akakumbuka kwamba hausikii. Akainuka, akakizunguka kitanda, akamshika ule mwingine.